Kiwanja Kimoja Nilichokizunguka

Kyela Mjini
3 Februari 2024

Baba, mugonile!

Barua hii anakuletea Mama mkwe, nimeiweka ndani ya chungu kipya alichonunua sokoni ili isiloe. Jina langu limepita! Jana jioni kikao cha chama kiliniteua kugombea udiwani wa kata yetu katika uchaguzi mdogo. Tuntufye alinipigia makofi peke yake sebuleni kama mtu mwenye wazimu, na Doreen akamuuliza, "Baba, mama ameshinda?" Nikamwambia bado, lakini mbona mimi mwenyewe nilikuwa nacheza kama nimeshinda.

Nakutumia rasimu ya vipaumbele vyangu. Viko vitatu. Kwanza, mji salama: taa kuanzia stendi mpaka sokoni, na mfereji wa maji, ili mvua zikija tusilale na maji vitandani. Pili, mji ambao mtu wa kawaida anaumudu: ushuru wa wanaouza chini usiwe sawa na wa wenye maduka. Tatu, mji utakaodumu: taka zizolewe, miti ipandwe, bonde lisijengwe. Naomba usahihishe kwa kalamu nyekundu kama ulivyokuwa ukisahihisha daftari. Usinionee huruma.

Juzi afisa mmoja mgeni, ametoka Dodoma, aliniuliza kwa nini nisikupigie tu simu. Nikamweleza kwamba kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, hataji jina lake, hakanyagi uwanja wake. Akashangaa: "Sasa mnaishije?" Nikamwambia kwa barua. Miaka kumi na moja, na bado Mama hajachoka kuzibeba.

Mkweo,
Lusungu, Mama Doreen


Talatala
6 Februari 2024

Mama Doreen,

Ndaga fijo kwa habari njema. Mama yako alipofika na chungu kichwani alikuwa anaimba tangu njia panda, na mimi nilidhani kuna harusi. Nimeisoma barua mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na kuku wote wa hapa sasa wanajua kwamba tuna mgombea.

Nimesahihisha. Makosa ni machache. Umeandika "tutahakikisha" mara tisa, na neno likirudiwa mara tisa msikilizaji huacha kuliamini. Sema utafanya nini, na nani, lini. Kuhusu ushuru uko sahihi kabisa. Mtu anayeuza vyungu sita kwa siku hawezi kupimwa kwa kipimo cha mwenye duka la bati. Andika hivyo hivyo.

Kuhusu mpangilio, nakushauri utangulize taa. Taa huonekana. Ukisema taa, kila mtu anaona nguzo akilini mwake. Suala la mfereji ulipeleke mwisho, au uliache kwa mwaka wa pili. Maji ni somo refu. Mji wetu uko kwenye tambarare. Maji yote yanayoshuka kutoka milimani yanapita kwetu yakielekea ziwani, na tambarare haina haraka. Mwaka 1979 niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kupima mwendo wa maji katika mfereji wa zamani, ule uliotoka sokoni kwenda mashamba ya mpunga. Tulitumia chungwa bichi, maana chungwa bichi huelea likiwa limezama nusu, na upepo haulisukumi. Mwanafunzi mmoja alilitupa sokoni, mwingine alilisubiri kwenye daraja la mbao mashambani. Mita mia nne, dakika nane. Basi unaona kwamba ni hesabu, si jambo la kuropoka jukwaani.

Nasaini jina langu. Huruhusiwi kulitamka, lakini kulisoma hakuna aliyekukataza.

Hezroni


Kyela Mjini
14 Februari 2024

Baba, mugonile.

Umenipa kitu bila kujua! Nilikuwa nasema "mfereji" kama ndoto, kumbe uliwahi kuwepo, tena ulipimwa! Nimewasomea akina mama wa sokoni hiyo habari ya chungwa, wakaruka. Anyitike, yule mfinyanzi anayeleta vyungu kutoka Matema, akasema, "Wewe simama, twende tukautafute." Tukaenda wanawake kumi na wawili, majembe mabegani, tukiufuata kutoka sokoni kuteremka. Baba, upo! Umejaa majani na mifuko, lakini ukichoma fimbo inazama mpaka kwenye kiwiko. Nimeingia kila uwanja, nimebisha hodi kila mlango. Wengine walitukaribisha kwa maji ya kunywa, mmoja akatufukuza na mbwa, na Anyitike akamwambia yule mbwa, "Utatupigia kura na wewe!"

Tulipofika kwenye kiwanja chako cha mjini, chenye vile vyumba viwili ulivyopangisha, mimi nikazunguka kwa nyuma kama inavyotakiwa, na wenzangu wakanifuata kwa heshima. Tukatokea upande wa pili, kwenye ukuta wa mashine ya mpunga ya Amon. Na hapo mfereji hauonekani tena! Umekufa pale pale kwenye ukuta wake.

Unaona maana yake? Mpinzani wangu ndiye aliyeziba maji ya mji! Jumatano ijayo nina mkutano mdogo karibu na stendi. Nitamtaja kwa jina.

Nina furaha mpaka nashindwa kula.

Lusungu


Talatala
17 Februari 2024

Mama Doreen,

Nimepokea. Nakuomba usimtaje Amon.

Nitaeleza sababu. Ukuta ni kitu cha juu, na maji hupita chini. Kwamba umeona ukuta haina maana kwamba ukuta ndio uliozuia. Mpimaji mzuri hatoi jibu kabla ya kupima sehemu zote. Pili, baba yake Amon alikuwa mtu mwema, alikuwa anatugawia pumba za mpunga bure kwa ajili ya kufyatulia matofali na kujazia mashimo. Tatu, mgombea anayeanza na lawama humaliza na lawama.

Zungumzia taa. Zungumzia ushuru. Zungumzia miti, mikakao kwa mfano hushika udongo vizuri sana kando ya maji, na nina miche mingi hapa kitaluni, naweza kukutumia.

Mama yako anasema nimeacha kula ndizi zangu mezani. Ni umri tu.

Hezroni


Kyela Mjini
25 Februari 2024

Baba,

Sikukusikiliza. Nilidhani unamwogopa Amon kwa sababu ana mashine na wewe una mpunga wa kukoboa. Nisamehe kwa kufikiri hivyo.

Jumatano nilimtaja. Watu walipiga kelele mpaka bodaboda zikasimama. Nikasema, "Ukuta ule ndio umekaa juu ya shingo ya mji!" Hata mimi niliipenda sentensi hiyo. Jana Amon akafanya mkutano wake mahali pale pale. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alicheka. Akasema, "Mama Doreen ni mchapakazi, amekagua kila kiwanja isipokuwa kimoja. Mwulizeni amezunguka wapi na kwa nini." Kisha akazungumzia barabara.

Kabla hajamaliza ikashuka mvua. Unaijua mvua yetu ya Februari. Katika saa moja soko lilikuwa ziwa. Vyungu vya Anyitike vilielea kama bata, vikagongana, vikapasuka. Amebakiwa na kumi na viwili kati ya hamsini. Mimi nilitoka mbio na mwavuli mpaka kwenye ukuta wa Amon nikaone maji yanavyougonga. Baba, palikuwa pakavu. Pakavu pande zote mbili! Maji hayakuwa yamefika kwenye ukuta. Yalikuwa yamesimama juu zaidi, yakageuka, yakarudi sokoni.

Nimemuuliza Tuntufye. Ameangalia pembeni, akaenda kufunga kuku ambao walikuwa wameshafungwa.

Kiwanja kilichobaki ni kimoja. Siwezi kukiingia. Siwezi kumtuma mtu akakipime, maana itakuwa nimekushtaki. Umekuwa mwalimu wangu kwa barua miaka kumi na moja. Naomba unifundishe hili pia.

Lusungu


Talatala
28 Februari 2024

Mama Doreen,

Ni mimi.

Nilinunua kile kiwanja mwaka 1989. Mfereji ulipita katikati yake. Miaka miwili mvua ilikuwa haba, mfereji ukakauka, watoto wakawa wanachezea mpira ndani yake. Nikajiambia kwamba maji yamehama. Mwalimu wa jiografia, Mama Doreen, akajiambia kwamba maji yamehama! Nikachukua pumba kwa baba yake Amon, mikokoteni kumi na saba, nikachanganya na udongo, nikashindilia, nikajenga vyumba viwili juu yake. Asubuhi nilikuwa nafundisha kwamba maji hayasahau njia, jioni nilikuwa naiziba.

Tuntufye alikuwa mdogo, alibeba maji ya kuchanganyia udongo. Ndiyo maana ameangalia pembeni. Usimlaumu.

Uliponiletea vipaumbele vyako niliona neno mfereji nikajua. Nikakushauri taa. Nilikuficha kwa kutumia ushauri, na hilo ni baya kuliko kuficha kwa kunyamaza. Halafu ukafika mpaka kwenye ua wangu, na heshima yako kwangu ndiyo iliyokuzuia kuona kosa langu. Tangu siku hiyo ndizi hazishuki.

Mkutano wako mkubwa ni tarehe 9 Machi. Amon atasema kila kitu baada ya hapo, na ana haki. Nitakuja kusema kabla yake.

Hezroni


Kyela Mjini
2 Machi 2024

Baba,

Usije.

Nimelia, halafu nimecheka kwa sababu ya mikokoteni kumi na saba. Hata kosa umelihesabu. Lakini usije. Nitaondoa mfereji kwenye vipaumbele. Nitamwomba Amon radhi hadharani kwa kumtaja, na nitazungumzia taa mpaka watu wachoke na mwanga. Nikipata kura kwa aibu yako nitakuwa diwani wa namna gani?

Na tutakaaje jukwaa moja? Ukipanda mimi lazima nishuke, na mgombea anayeshuka kwenye jukwaa lake mwenyewe ameshashindwa. Wazee wa kanisa watakuwepo, mashangazi wa Tuntufye watakuwepo. Hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo. Nakusihi, ubaki Talatala. Mama amekataa kusema kama amekubaliana na wewe au na mimi. Amesema yeye ni posta tu.

Lusungu


Talatala
10 Machi 2024

Mama Doreen,

Sikukujibu kwa sababu ungejibu tena.

Sasa naandika nikiwa bado na vumbi la jana miguuni. Jana niliona nusu ya mkutano na wewe uliona nusu nyingine, kwa hiyo nakuandikia nusu yangu, na naomba uniletee yako. Bila hivyo hakuna kati yetu atakayejua kilichotokea.

Nilipopanda kwenye lile tela la trekta mlilolifanya jukwaa, nilipanda kinyumenyume. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupanda hivyo kwenye ngazi ya ghala hapa nyumbani, na mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Nikasikia sauti ya kikongwe ikilia, "Jamani, mfunikeni mkwe!" Nikasikia kitambaa kikipeperuka, nadhani ni kitenge chako. Hatua za kushuka sikuzisikia. Nikajua hujashuka. Nakiri nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Nikasema nilichosema. Upande wangu walikuwepo waendesha bodaboda, wauza dagaa, na Amon mwenyewe amesimama kando ya pikipiki, mikono kifuani. Niliposema "Mimi ndiye niliyeziba," mikono ikashuka. Mzee mmoja wa kanisa akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa joto. Nikasema vyumba vyangu vitabomolewa, nitashika nyundo mwenyewe, na kwamba Aliko, fundi cherehani aliyepanga pale, nitamjengea chumba sehemu ya juu ya kiwanja kabla sijagusa ukuta wake, kwa kodi ile ile. Mji hauwi salama kwa kumtupa fundi barabarani.

Halafu nyuma yangu, kwenye nusu yako, mwanamke akapaza sauti: "Mwalimu! Na vyungu vyangu je?" Nikasema, bila kugeuka, kwamba hasara hiyo ni deni langu, tutakaa tulihesabu. Akasema, "Hunikumbuki! Mimi ndiye niliyetupa chungwa!" Watu wakapasuka kwa kicheko, na mimi, mtu wa miaka sabini na sita, nikalia mbele ya waendesha bodaboda.

Sikuona uso wake. Hebu niambie, Anyitike ana sura gani siku hizi? Alikuwa msichana mwembamba, mbishi, asiyekubali chungwa libebwe na mtu mwingine.

Hezroni


Kyela Mjini
24 Machi 2024

Baba! Baba! Ndaga, ndaga, ndaga fijo!

Nimeshinda kwa tofauti ya kura thelathini na saba. Doreen ameandika namba hiyo kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa na nimekataza mtu kuifuta.

Hii hapa nusu yangu. Nilijifunika kitenge kichwani, nikageuka, nikakaa chini kwenye tela mgongo kwa mgongo na wewe. Miguu ilikuwa inaniambia shuka, lakini nikafikiri: heshima ni kutokukutazama, hakuna aliyesema ni kukukimbia. Upande wangu walikuwepo mashangazi watatu wa Tuntufye. Wa kwanza alifumba macho. Wa pili alifumba halafu akafumbua jicho moja. Wa tatu, Shangazi Jubilate, alisimama akasema kwa sauti ya kukata, "Mbona wamekaa vizuri tu?" Na ndipo watu wakaanza kupiga makofi. Labda wewe ulidhani makofi ni ya hotuba yako. Yalikuwa ya Shangazi.

Anyitike si mwembamba tena. Ubishi umebaki vile vile. Anasema hataki ulipe chungu hata kimoja, anataka mfereji.

Nilimwomba Amon radhi mbele ya watu siku iliyofuata, nikataja ukuta wake na sentensi yangu niliyoipenda nikaifuta. Baada ya matokeo akaja nyumbani. Tuntufye alidhani ni ugomvi, akasimama mlangoni kifua mbele. Amon akasema, "Mheshimiwa, pumba zilikuwa za baba yangu. Chukueni pawatila yangu, lile trekta dogo, mkachimbe, mafuta nitaweka mimi." Halafu akaongeza, "Na mwaka kesho nagombea tena, usifurahi sana." Nimempenda.

Sheria sasa inataka kikao, mhandisi, na barua zenye mihuri. Mhandisi amekuja, amepima, amekubali. Ameuliza nani aliyepima mara ya mwisho. Nikamwambia darasa la saba.

Chumba cha Aliko kiliezekwa jana. Unaweza kuleta nyundo. Siku utakazofanya kazi kiwanjani, mimi nitachimba upande wa mashambani, na Mama atakuwa katikati, akitupa habari.

Lusungu


Sokoni, Kyela
20 Aprili 2024

Mheshimiwa Diwani, Mama Doreen,

Barua hii mama yako haileti. Amekaa hapa kando yangu, amekunja mikono, amesema leo posta imefungwa.

Mvua ya juzi imeujaza mfereji vizuri, na soko ni kavu. Nimetembea humo kwa viatu vya kanisani. Hakuna duka lenye maji, hakuna chungu kilichoelea, isipokuwa hiki kimoja tunachotaka kielee. Amekifinyanga Anyitike, kidogo, chenye tumbo pana na mdomo mwembamba, nacho amekichoma mara mbili. Barua nimeikunja ndani, juu nimeziba kwa jani la mgomba na kamba.

Nitaeleza utaratibu. Wewe uko kwenye daraja la mbao kule mashambani, mita mia nne kutoka hapa. Tumelinganisha saa zetu kupitia kwa Tuntufye. Saa nne kamili asubuhi Anyitike atakiweka chungu majini, yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine akishike. Kitapita nyuma ya maduka, kitaingia kwenye kiwanja changu, mahali palipokuwa na chumba cha pili, ambapo sasa nimepanda mikakao kando zote mbili. Kitapita chini ya ukuta wa Amon kwenye tundu alilotoboa mwenyewe. Kisha ni mashamba, kisha wewe. Andika muda utakaokipokea. Usikadirie.

Zikipita dakika ishirini, kuna mahali nimechimba vibaya, na nitachimba tena.

Hezroni


Daraja la mashambani
20 Aprili 2024

Baba,

Saa nne na dakika tisa.

Kimechelewa dakika moja kuliko chungwa. Tuntufye amempigia Anyitike kumwuliza sababu, naye anasema chungu ni mtu mzima, hakikimbii mbele ya wakwe.

Taa za kwanza zitasimikwa mwezi ujao, na ushuru mpya wa wauzaji wa chini umepita kwenye kikao. Nitakuandikia yote kwa utaratibu, na "tutahakikisha" sitaiandika hata mara moja. Leo nina hili tu la kukupa, kwa sababu najua utauliza kilikuja namna gani, katikati ya maji au pembeni, kimenyooka au kinazunguka. Baba, sijui. Mfereji umenyooka sana, kutoka hapa mtu anaweza kuona, kupitia tundu la ukuta wa Amon, mpaka sokoni, na nilijua umesimama kule. Kwa hiyo nilikuwa nimekupa mgongo, kama inavyotakiwa, nikitazama upande wa ziwa. Sikukiona kikija.

Nilikisikia kikigonga mguu wa daraja.

Mkweo,
Lusungu